Dhima ya Mtumaji: Mashine Zinazojiendesha na Mkokoteni wa Mwembe Tayari

Dhana ya "mashine inayojiendesha" imeingia katika Kiswahili bila kuhojiwa. Kiambishi -ji- hudai kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja, na kwa hiyo sentensi hukamilika pasi na kumtaja mwanadamu aliyeiagiza kazi. Makala hii inahoji iwapo kinachokubalika kisarufi kinakubalika kimaadili pia.

Mwaka 2018 ndege isiyo na rubani, iliyoundwa Ujerumani, ilijaribiwa kwa miezi sita katika Ziwa Viktoria. Ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, masafa ya kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40, ikijiongoza yenyewe. Manufaa yake hayabishaniwi. Hata hivyo, ziwa ni mtahini mpole: juu ya maji hakuna mtu anayekatiza njia.

Barabarani wapo. Machi mwaka huohuo, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio lilimuua mwanamke aliyekuwa akivuka usiku huku akikokota baiskeli. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliokamilika mwaka 2019 ulionyesha kuwa programu ilimtambua zaidi ya sekunde tano kabla ya ajali, ila ikawa inambadilisha jina: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Kila jina jipya lilifuta historia ya mwendo wake, hata gari lisiweze kubashiri aendako. Wala halikuandaliwa kumtazamia mtembea kwa miguu nje ya kivuko. Kwa mhakiki wa fasihi, hili ni kosa la usomaji.

Gari hilo na lipelekwe Mwembe Tayari. Hapo, baina ya soko na mabasi, kivuko ni popote penye mwanya, na mkokoteni wa hamali si gari kamili wala si mtembea kwa miguu. Dereva wa matatu (ambaye hakuna atakayemsingizia upole) hahitaji kuuainisha. Anajua kuwa mkokoteni uliojaa hausimami ghafla, na kwamba akiugonga ataulizwa yeye.

Huko Tempe aliulizwa nani? Mwaka 2019 mwendesha mashtaka aliona kuwa kampuni haina kesi ya jinai ya kujibu. Aliyeshtakiwa ni msimamizi aliyeketi garini, naye alikiri kosa mwaka 2023. Lawama yake anayo. Lakini walioamua gari litazamie nini na lisitazamie nini hawakufika kizimbani.

Neno "roboti" lenyewe, lililoenezwa na tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, lina asili ya neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Palipo na shokoa pana anayeamuru. Kiswahili nacho kina kitenzi -tuma: mtumwa, mtumishi na hata mtume huzaliwa humo, na kila mmoja huacha nafasi ya aliyemtuma. "Gari lililotumwa" ni istilahi nzito mdomoni kuliko "gari linalojiendesha". Ila hakimu wa Mombasa akiisikia, hatakuwa na budi kuuliza: na nani?