Ufa Ulioelekea Ukutani

Kwaya ya usharika wetu ilipotuomba tuitengenezee rafu ya kuhifadhia kaseti na sidii, tulikubali bila kutaja bei. Sisi ni ndugu watatu, na karakana yetu ni banda la mabati nyuma ya nyumba: meza moja yenye jiriwa, misumeno miwili, patasi, na randa ya marehemu baba. Tukasema kazi hiyo iwe sadaka yetu.

Yenyewe si ngumu. Kisanduku cha kaseti kina unene wa sentimita 1.7 hivi, cha sidii sentimita 1; kwa hiyo rafu yenye upana wa sentimita 90 hupokea kaseti 50 kwa safu. Kinachosahaulika ni uzito. Sidii 100 katika visanduku vyake hukaribia kilo 10, na ubao mwembamba usio na nguzo katikati hupinda taratibu.

Mbao zilikuwa za mninga, mbichi kuliko tulivyotaka kukiri. Mafundi husema kila inchi ya unene ikaushwe kivulini mwaka mzima; sisi tulikuwa na wiki tano, maana rafu ilitakiwa kwenye sikukuu ya mavuno. Ubao unapokauka husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Ukiwa umebanwa kwa gundi na misumari hauna pa kwenda, hupasuka. Wiki ya nne ubao wa pembeni ulifunguka ufa wa urefu wa kiganja, pale pale unapopokea rafu ya tatu.

Tulichanganya unga wa msumeno na gundi, tukajaza, tukapiga msasa, tukapaka vanishi. Ukitazama huoni kitu. Tukaamua upande huo uelekee ukutani.

Mdogo wetu ndiye aliyeuliza, "Kaka, huu si uongo?"

"Uongo kwa nani?" mkubwa akajibu. "Kuna aliyelipa?"

Tulilala na swali hilo siku kadhaa. Kujaza si kosa kila mara. Tundu la msumari hujazwa na kila fundi, na kila mnunuzi anajua. Tundu lile halibebi kitu. Ufa wetu ulikuwa mahali pa kubebea mzigo. Unga na gundi vilishibisha macho tu, na vanishi juu yake ilikuwa ikisema, kwa niaba yetu, kwamba ubao ni mzima.

Na zawadi je? Tukawakumbuka Anania na Safira katika Matendo ya Mitume. Kiwanja kilikuwa chao, na Petro mwenyewe alimwambia Anania kwamba hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyewadai. Habari hiyo huhubiriwa sana siku za michango, kana kwamba inahusu kiasi cha kutoa, na tunadhani hapo wahubiri wetu hukosea. Wangeweza kutoa nusu na kusema ni nusu. Walileta sehemu wakaiweka miguuni pa mitume kama yote.

Tena zawadi huzidisha deni. Mnunuzi hugonga ubao, hugeuza mgongo wa kabati, hulalamika. Anayepewa huona haya kukagua. Hana ulinzi mwingine ila sisi.

Na kaseti zenyewe si mzigo wa kawaida. Zipo za miaka ya 1980, zilizorekodiwa kanisani kwa redio moja iliyowekwa juu ya benchi. Waimbaji wengi wamelala. Katika mojawapo besi ya baba inasikika, anachelewa kidogo kuingia kama kawaida yake. Hakuna nakala nyingine. Vijana wanasema wataziingiza zote kwenye simu. Wamekuwa wakisema hivyo tangu tulipoanza kupima mbao.

Jumamosi iliyofuata tulimpelekea mwenyekiti wa kwaya habari. Mama huyo alitusikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Lakini itashika?"

"Itashika, mama, kwa muda," akasema mkubwa.

"Muda gani?"

Hatukuweza kumjibu. Alitikisa kichwa, akasema kaseti zimekaa kwenye maboksi miaka yote hii, zitakaa tena.

Ubao ule tumeuondoa. Ulikataa kutoka mzima, tukaharibu na rafu ya tatu. Mwingine sasa umeegemea kivulini, juu ya vijiti ili hewa ipite, na kila Jumamosi tunaugeuza. Sikukuu ya mavuno imepita na tulikwenda mikono mitupu, jambo ambalo mkubwa wetu hajalisamehe. Anashikilia kwamba tungepiga kipande cha bati nyuma ya ufa, tukamwonyesha mama wazi, na rafu ingetumika leo. Kwamba alichodai mdogo wetu ni ukweli, na mengine yote ni majivuno ya mafundi. Huenda ana haki. Hilo bado hatujakubaliana.