Mariamu Chini ya Mgomba

Swali ninaloliandika hapa limenisumbua zaidi ya miaka thelathini. Je, mtu ana haki ya kuchora kitakatifu cha jirani yake? Sisemi kukidhihaki, maana hilo halihitaji insha. Nasema kukichora kwa heshima, lakini kwa mkono wake na kwa macho ya kwao.

Mwaka 1992 nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Ukuta mmoja wa bwalo ulikuwa mtupu, nikawaruhusu wanachuo wa somo la sanaa waupambe. Mmoja wao, kijana Mwislamu kutoka Murongo, pale Mto Kagera unapotutenga na Uganda (siku hizo Kyerwa yote ilikuwa bado Karagwe, hadi 2012), akachora kuzaliwa kwa Yesu. Au niseme kuzaliwa kwa Isa, kwa kuwa alichora kama alivyofundishwa madrasa. Katika Sura ya Maryam hakuna hori wala wachungaji. Mama anashikwa na uchungu akiwa peke yake, anaegemea shina la mtende, na tende mbivu zinamwangukia.

Ila mtende wa kijana huyu ulikuwa mgomba. Nyuma yake ilisimama nyumba ya msonge, nyasi mbichi zimetandikwa mlangoni, na mama jirani alikuwa anakuja na kahawa ya kutafuna, kama tunavyompokea mgeni kwetu. Huyo jirani aliongezwa na mchoraji mwenyewe. Uso wa Mariamu aliuacha bila macho wala mdomo.

Haikupita wiki. Wanachuo Wakristo walikuja ofisini wakisema kwamba kumchora Mama wa Bwana bila uso ni kumtukana, tena hori liko wapi? Siku ya pili akaja sheikh wa msikiti wa karibu, mtu mpole, akasema kwamba awe na uso au asiwe nao, kijana wa Kiislamu hafanyi hivyo ukutani. Nilimwita kijana. Nikamuuliza swali la kimwalimu, ambalo leo linanionea haya: mgomba ukitikiswa huangusha nini? Akajibu, “Mwalimu, mtende sijawahi kuuona. Nimechora mti ambao mama yangu angeuegemea.” Na uso? “Uso niliuogopa.”

Nilimwagiza fundi apake chokaa. Kabla ya chakula cha jioni ukuta ulikuwa mweupe na amani imerudi, nami nikajipongeza.

Mwaka 2003 nilikwenda Kenya kwa harusi ya mtoto wa rafiki yangu, na mwenyeji wangu akanipitisha Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati wa Mwingereza. Kanisa kuu la Kianglikana la pale lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Mau Mau. Ndani yake mna michoro mitano mikubwa ya ukutani iliyochorwa miaka ya 1950: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Watu wote ni weusi, na nchi iliyo nyuma yao ni ya huko huko. Aliyeichora, Elimo Njau, hakuwa Mkikuyu. Ni Mchagga wa Marangu, Mtanzania mwenzetu, aliyesomea sanaa Makerere na baadaye, 1965, akaanzisha Paa ya Paa kule Nairobi. Basi mgeni alipewa kuta za waliofiwa, na chokaa haikuletwa.

Nilisimama mbele ya picha zile nikamkumbuka kijana wa Murongo mpaka miguu ikaniuma.

Lakini nisiwadanganye wasomaji wangu kwamba Murang'a ilinipa jibu. Tulipotoka nje, mwenyeji wangu alisema kwa sauti ya chini kwamba mjomba wake alifia msituni, upande wa pili wa vita vile, na kila aingiapo mle anaona Kristo aliyefanana na mjomba wake katika kanisa ambalo halikujengwa kumkumbuka. Hakuwa amekasirika. Alisema tu. Kumbe hata picha iliyoruhusiwa inaweza kumwacha mtu mlangoni.

Kuna jambo jingine nimelipima. Kila mwaka watu wetu huvuka mpaka kwenda Namugongo tarehe 3 Juni, kuwakumbuka mashahidi wa Uganda. Kanisa la Kikatoliki la pale, lililotabarukiwa 1975, lina umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, na aliyelisanifu, Justus Dahinden, ni Mswisi. Sijasikia mhujaji wa Karagwe akinung'unika. Nadhani ni kwa sababu nyumba haina uso. Ugomvi huanza pale mgeni anapogusa uso, au anapoogopa kuugusa, kama kijana wangu.

Wale Wakristo walikuwa na haki ya kuumia. Mimi mwenyewe Mkristo, na niliumia kidogo. Sheikh naye alikuwa na hoja ya dini yake. Kosa langu halikuwa kuwasikiliza. Nilimsikiliza kila mmoja peke yake, mlango umefungwa, nikawanyima kusikia lile neno moja, “Uso niliuogopa.” Katekista angelielewa. Sheikh angelielewa kuliko sisi sote. Ningewaketisha wote bwalonini mbele ya picha ile, pengine bado wangeniambia nipake chokaa. Ingekuwa chokaa yao, si yangu.

Mwaka juzi nilikutana naye sokoni Kayanga. Ana mvi. Aliacha ualimu zamani, anaandika mabango ya maduka. Alinipa shikamoo, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikamwomba radhi kwa ukuta ule. Alinyamaza kidogo.

“Mwalimu,” akasema, “rangi zile nilizinunua Bukoba kwa pesa yangu.”

Nikatoa pochi. Akacheka, akasema bei imepanda sana tangu 1992.