Silikoni na Amana ya Fundi

Lusahunga, wilayani Biharamulo, haipitwi na malori machache. Kutoka hapo hadi mpakani Rusumo ni kama kilomita 90, na mizigo ya Rwanda na Burundi iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam hupitia njia hiyo. Lori likiishiwa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi, huenda gasketi ya manifoldi ya hewa inavuja: upepo wa tabo (turbo) unatorokea nje. Kwenye injini isiyo na tabo, pengo hilo hunyonya vumbi ambalo halikupita kwenye chujio, likakwangua ringi na silinda.

Gasketi mpya ikikosekana, silikoni haikosekani. Je, ni halali kwa fundi kuziba kwayo akapokea pesa?

Gasketi nyingi za manifoldi hufungwa kavu, juu ya chuma kilichokwanguliwa kikasafishwa, bolti zikikazwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Zipo injini, hasa baadhi za V, ambazo mtengenezaji mwenyewe ameagiza silikoni kwenye kona na ncha. Kwingineko ikipakwa nene, gasketi huteleza bolti zinapokazwa. Kwa nje mteja ataona mstari mwembamba, umenyooka. Kwa ndani umebaki ulimi wa mpira, na siku ukikatika utavutwa na hewa kuelekea kwenye vali. Kwenye injini ya petroli, mafuta yenyewe huilainisha silikoni ya kawaida hadi ikaachia.

Mteja haoni yote hayo.

Imamu Muslim amepokea habari ya Mtume Muhammad kutia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikagusa unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua; alimuuliza kwa nini kilicholowa hakukiweka juu, watu wakione. Paulo naye, katika waraka kwa Wakolosai, sura ya 3, anataka mtumwa afanye kazi kwa kumcha Bwana hata pasipo jicho la bwana wake.

Kwa mizani hiyo, silikoni ya dharura haina dhambi. Dhambi ni kunyamaza. Fiqhi inakubali kuwa dharura hulegeza masharti, ila kwa kadiri ya dharura yenyewe: kiraka cha kulifikisha gari mjini hakiuzwi kama kazi iliyokamilika. Tena inasimuliwa kwamba Ali bin Abi Talib aliwabebesha mafundi dhamana ya mali za watu walizokabidhiwa, kwa kuona kuwa bila hivyo mambo ya watu hayatengemai.

Basi fundi aliyebanwa na apake kidogo, aiache ikauke kwa saa zilizoandikwa kwenye tyubu, kisha amweleze dereva alichofanya na kwamba gasketi mpya inadaiwa. Tajiri mwenye lori naye asimpigie dereva simu za kumharakisha akasababisha ukweli huo ufichwe.