Je, Ni Haki Kumrudisha Mgonjwa Mlangoni?

Uko ugonjwa wa matumbo uitwao Crohn, kwa jina la mganga Burrill Crohn, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mjini New York mwaka 1932. Waganga wa Marekani walitaka kujua kama chakula chaweza kuutuliza. Wakalinganisha namna mbili za chakula kwa wagonjwa 194, wakatangaza matokeo mwaka 2021: zilikaribiana. Walipokea watu wazima wenye dalili ndogo au za kadiri. Walioumwa sana hawakupokelewa.

Labda mtu atanena, "Aumwaye zaidi ndiye apaswaye kutangulia." Neno hili ni kweli kwa dawa iliyokwisha kujulikana. Lakini jaribio si dawa, ni swali. Mgonjwa mahututi akiachiwa chakula tu, huenda siku za kumponya zikapita bure. Basi twaona kumzuia kwaweza kuwa kumlinda.

Walakini deni lasalia. Amrudishaye mgonjwa yampasa kumweleza sababu na kumwonyesha njia nyingine ya kutibiwa. Tena jibu likipatikana, lisihesabiwe kuwa jibu la wale wasiopimwa. Kumkataa mtu pasipo kumwelekeza ndiko kumtupa.