Kadirio na Uaminifu

Wazee wa pwani wana methali isemayo, "Mali bila daftari huisha bila habari." Ni methali ya wafanya biashara, na ukweli wake hauna shaka. Walakini husema nusu tu ya jambo. Mali yenye daftari nayo huweza kuisha bila habari, ikiwa daftari lenyewe limeandikwa na mkono usio mwaminifu. Nataka tuitazame nusu hii ya pili, msomaji kijana, kwa kuwa yumkini baada ya miaka michache kalamu ya daftari la watu itakuwa mkononi mwako.

Vijana wengi wa Malindi na Kilifi huchagua kusoma uhasibu. Wengine huingia Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hati yake mwaka 2013. Wengine huingia vyuo vidogo vinavyotayarisha watu kwa mitihani ya bodi ya taifa iliyoundwa mwaka 1969. Popote waingiapo, somo la kwanza ni hesabu ya pande mbili. Kila shilingi huandikwa mara mbili, mahali ilikotoka na mahali ilikokwenda. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, aliieleza hesabu hii katika kitabu kilichopigwa chapa Venice mwaka 1494, miaka minne kabla ya merikebu za Vasco da Gama kutia nanga Malindi. Hakuibuni yeye, aliandika yale ambayo wafanya biashara wa Venice walikuwa wakiyatumia. Mwisho wa kazi pande mbili hulingana, na mwanafunzi hufurahi akadhani ameuona ukweli.

Furaha hiyo hupungua afikapo daraja ya kati ya elimu yake. Hapo huulizwa maswali ya namna nyingine. Chombo hiki cha uvuvi kitadumu miaka mingapi? Katika wadaiwa wetu mia, wangapi hawatalipa? Chungu ya chumvi iliyolala wazi huko Gongoni ina thamani gani baada ya mvua za masika? Mkonge wa Vipingo, ambao hufa ukiisha kutoa mlingoti wake, upunguziwe thamani kiasi gani kila mwaka? Maswali haya hayajibiwi kwa kuhesabu peke yake. Hujibiwa kwa kukadiria. Na ajabu ni hii: kwa kila jibu utakalotoa, liwe jema au baya, pande mbili za mizania zitalingana vilevile. Basi ulinganifu si shahidi wa ukweli. Ni shahidi wa ujumlishaji tu.

Tuwaze mfano. Ndugu wawili wa Malindi walinunua mashua kwa shilingi 600,000. Mmoja alifariki, akaacha yatima. Aliyebaki ana mwana aliyesoma chuoni, naye ndiye mwandishi wa hesabu. Kila mwaka, baada ya kulipa mabaharia, mafuta na barafu, mashua huleta shilingi 100,000. Je, faida ya mwaka ni kiasi gani? Ikiwa mashua itadumu miaka 10, uchakavu wake ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na faida ya kugawanya ni 40,000. Ikiwa itadumu miaka 20, uchakavu ni 30,000, na faida ni 70,000. Bahari ni ile ile, samaki ni wale wale, fedha ni zile zile; lakini faida imekaribia kuwa maradufu kwa kubadilishwa tarakimu moja katika fikira ya mwandishi.

Sasa fikiri kwamba mwandishi huyu ajua vema, kwa kuwauliza mafundi wa vyombo, kwamba mashua ya namna hiyo haipiti miaka 10. Walakini aandika 20, kwa kuwa kila mtu nyumbani apenda mgawo mkubwa, na yeye apenda kusifiwa. Kila mwaka jamaa hugawana 70,000 na kuweka akiba 30,000. Mwaka wa 10 mbao zimeoza. Wafungua kasha na kukuta shilingi 300,000, nusu ya bei ya mashua waliyoinunua. Nusu ya pili i wapi? Wameila. Walikuwa wakila chombo chao wakidhani wanakula samaki. Wala hakuna aliyeiba hata senti moja.

Kosa huweza kuelekea upande wa pili pia. Mwandishi aweza kuandika miaka mitano mahali pa kumi. Hapo uchakavu utakuwa shilingi 120,000 kwa mwaka, nao utaimeza faida yote na kuizidi. Yatima wataambiwa kwamba mwaka huu kuna hasara, na fedha itabaki mikononi mwa aliyeandika. Watu husema tahadhari ni jambo jema, na kweli ni jema. Lakini tahadhari inayomnyima mwenye haki haki yake imebadili jina tu. Kwa asili ni dhuluma.

Liko na jambo jingine ambalo mwanafunzi wa daraja ya kati hujifunza kulipambanua: gharama na mali. Mwenye mashua akitia mashine mpya, amenunua mali itakayomfaa miaka mingi, na bei yake yafaa igawanywe katika miaka hiyo. Akitia kalafati na kupaka shahamu, amelipa gharama ya mwaka ule, nayo yapasa iondolewe katika mapato ya mwaka ule. Mpaka baina ya mambo haya mara nyingi ni mwembamba. Walakini mtu akiandika shahamu ya kila mwaka kuwa ni mali mpya, hesabu yake itapendeza kwa muda, na chombo hakitaongezeka hata ubao mmoja.

Usidhani huu ni udogo wa wavuvi. Kampuni kubwa ya simu ya Marekani, WorldCom, ilianguka kwa jambo la namna hii. Ilikuwa ikiwalipa wenzake kwa kutumia njia zao za simu, gharama ya kawaida ya kila siku, kisha ikaandika malipo hayo kana kwamba ni mali ya kudumu. Baadhi ya wahasibu wa chini walioamriwa kuandika walisita, wakafikiri kuacha kazi, wakatulizwa kwa ahadi kwamba jambo halitarudiwa. Likarudiwa. Mwaka 2002 wakaguzi wa ndani wakiongozwa na Cynthia Cooper, ambao mara nyingi walifanya kazi hiyo usiku kwa siri, walilifichua. Hesabu ya kwanza iliyotangazwa ilikuwa dola bilioni 3.8, na baadaye ikaonekana ni kubwa zaidi. Kampuni ikafilisika, maelfu wakapoteza kazi, na mwaka 2005 mkuu wake akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Lakini hata mhasibu wa cheo cha kati, aliyeandika kwa amri ya wakubwa, alifungwa. Kalamu haikuwa yake, lakini mkono ulikuwa wake.

Hapa mtu mwerevu atapinga, na pingamizi lake lastahili kusikilizwa. Atasema, "Ikiwa kadirio ni fikira, na watu wawili wema huweza kufikiri mbalimbali, kwa nini fikira yangu iitwe uwongo?" Ni kweli kwamba watu wawili wema huweza kuhitilafiana. Fundi mmoja atasema miaka 9, mwingine 11, na wote wawili ni wakweli. Lakini kati ya kukosea na kudanganya mna tofauti kubwa. Mkosaji aliutafuta ukweli akaupita kidogo. Mdanganyifu alianza na faida aitakayo, kisha akarudi nyuma kutafuta kadirio la kuileta. Tarakimu zao huweza kufanana. Njia zao hazifanani. Hakuna sheria iwezayo kuchungulia moyoni na kuipima njia hiyo. Kanuni za uhasibu hudai kwamba msingi wa kadirio uelezwe wazi, na kwamba usigeuzwe bila sababu.

Kwa hiyo, msomaji, nakupa vipimo viwili utakavyoweza kuvitumia peke yako, mlango ukiwa umefungwa. Cha kwanza, jiulize: ningeandika tarakimu hii kama fungu langu lingekuwa la yule mwenzangu? Mwana wa Malindi ajiweke mahali pa yatima, kisha aandike. Cha pili, jiulize: naweza kumweleza asiyejua kusoma, kwa maneno anayoyafahamu, jinsi nilivyoipata? Kadirio lisilovumilia kuelezwa lina ila ndani yake.

Mwizi wa kawaida huogopa kufuli. Mhasibu ndiye aliyepewa ufunguo, tena akaruhusiwa kukadiria ukubwa wa kasha. Uaminifu wake haujulikani pale ambapo sheria imesema fanya au usifanye. Hata mwoga hutii hapo. Hujulikana pale ambapo sheria imenyamaza ikamwambia, "Amua wewe." Siku hiyo itakufikia. Kumbuka kwamba chini ya tarakimu yako kuna mashua, na ndani ya mashua kuna watu.