Sikiliza Kwanza Unachokitupa

Vijana wanaorekodi ngoma na taarabu majumbani hapa Malindi huniuliza wanunue programu gani ya kusafishia sauti. Wengi wana maikrofoni ya kawaida na kompyuta ya mtumba, na mfuko hauwaruhusu kulipia leseni kila mwezi. Wapo wanaotiliwa kopi ya wizi kwenye fleshi, na mara nyingi virusi huja humo humo. Huwajibu: anzeni na Audacity. Ni ya bure na ni halali. Ilitolewa mwaka 2000 na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Mwenye maikrofoni nne au tano, anayetaka kuipangia kila moja sauti yake, aitazame Reaper: unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60, kiasi cha shilingi elfu nane. Msanii anayelia nyimbo zake zinaibwa hana budi kulipia jasho la mwenzake.

Bei, basi, ina dawa. Linaloniuma ni namna tunavyosafisha.

Chukua ngoma ya mwanzele iliyorekodiwa uani kwa Wagiriama wa Ganze. Pana kayamba, matete yaliyofungwa pamoja yakatiwa mbegu, na sauti yake ni mchakacho mtupu. Kusi inavuma, makuti ya paa nayo yanachakacha, maikrofoni inanasa vyote. Programu haijui kayamba ni nini. Unaionyesha sekunde chache za makuti peke yake, inajifunza, kisha inapunguza kila kinachofanana nayo. Ukivuta kipimo hadi mwisho, makuti yananyamaza na kayamba inayafuata. Mwimbaji anabaki kama aliyetiwa ndani ya mtungi.

Katika kidirisha hicho hicho cha Audacity cha kupunguza kelele mna chaguo ambalo wachache huligusa: linakusikilizisha kile tu kinachoondolewa. Liwashe, uvae spika za masikioni. Ukisikia mapigo ya kayamba humo, au miisho ya maneno ya bibi anayeongoza wimbo, umepitiliza, punguza. Mimi ni heri nusu ya makuti ibaki kuliko kumpoteza mpiga kayamba aliyecheza usiku kucha.

Taarabu ina mtihani wake. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 2016, alikuwa bingwa wa udi, na maqamu (mizani) za Kiarabu alizozipiga zina sauti zinazokaa katikati ya vibonyezo viwili vya piano. Mwimbaji wa leo anayefuata njia hiyo akipitishwa kwenye programu ya kunyoosha sauti iliyopangiwa mizani ya piano, kila sauti ya namna hiyo huvutwa kando. Hapo unamsahihisha mtu ambaye hakukosea.

Vigelegele navyo ni jibu la hadhira, visikatwe. Ila kabla ya shughuli kuanza, shusha kiwango cha sauti inayoingia, kwa maana kigelegele kikizidi kipimo wakati wa kurekodi hukatika kichwa, na hakuna programu ya bei yoyote itakayokirudisha kamili.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, ambao Wagiriama ni miongoni mwao, katika urithi wa dunia, na mwaka uliofuata mila zinazohusiana na kaya hizo zikawekwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wazee wanaokumbuka nyimbo wanapungua, na huenda rekodi ya uani kwenu ndiyo pekee itakayosalia ya wimbo fulani. Kwa hiyo rekodi kwa WAV, na uweke kopi ya faili asili mahali pengine kabla hujagusa chochote. Kazi ikikamilika, usiirushe WhatsApp kwanza. Mpelekee mwenye wimbo asikilize, akwambie kipi kikae na kipi kiondoke, hata kile kikohozi cha mpiga ngoma kabla ya ubeti wa pili.