Kanzu ya Kila Mwaka

Soma: 1 Samweli 1:21–28, 1 Samweli 2:11–26, Kumbukumbu la Torati 6:6, 7.

Mzazi anapomkabidhi mtoto wake kwa mwalimu, je, anakabidhi pia wajibu wake? Swali hili linaonekana jepesi mpaka linapoulizwa kwa mama anayewasha jiko la maandazi saa kumi alfajiri na kurudi nyumbani jua likiwa limezama. Mwalimu amesomea kazi yake na hulipwa kwa ajili hiyo. Mama huyo aliishia darasa la nne, na hesabu za mwanawe zimekwisha kumpita. Akisema, “Mwalimu ndiye anayejua,” nani atamlaumu?

Neno hilo limepata nguvu zaidi katika miaka ya karibuni. Tangu Januari 2016, shule za serikali nchini Tanzania zimetoa elimu bila ada tangu darasa la awali hadi kidato cha nne. Mlango ulifunguliwa kwa watoto wengi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini baadhi ya wazazi walielewa kwamba pamoja na ada, shule yenyewe imeondoka mikononi mwao. Sivyo ilivyokuwa. Sare, madaftari, na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kuwa juu ya mzazi. Kilichofutwa ni ada. Uzazi haukufutwa.

Biblia inamwonyesha mzazi mmoja aliyekabidhi mtoto wake kikamilifu kuliko wote. Hana alimpeleka Samweli Shilo akiwa ametoka tu kuachishwa ziwa, akamwacha huko. Hakuna aliyeweza kumlaumu kama angesema kwamba kazi yake imekwisha. Mtoto alikuwa katika nyumba ya Bwana, mbele ya kuhani. Lakini kila mwaka, alipopanda na mumewe kutoa dhabihu, alimletea kanzu ndogo aliyomshonea (1 Samweli 2:19).

Kanzu hiyo inastahili kutafakariwa. Mtoto hukua. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Ili kushona ya mwaka huu, Hana alipaswa kumbeba mwanawe moyoni miezi yote: amefika wapi sasa kwa urefu? Mabega yamepanuka kiasi gani? Hakuwa na elimu ya kikuhani, wala hakumfundisha Samweli kazi ya hekalu. Alichokuwa nacho ni uangalifu, na uangalifu hauhitaji cheti.

Karibu na Samweli palikuwa na mzazi mwingine. Eli alikuwa mwenye ujuzi wote ambao Hana hakuwa nao. Aliijua sheria, alikuwa na cheo, na watoto wake walikua papo hapo kazini kwake. Habari za uovu wa Hofni na Finehasi zilimfikia kwa vinywa vya watu (1 Samweli 2:22–24). Akawaonya kwa maneno, lakini hakuwazuia (1 Samweli 3:13). Basi kilichopungua katika nyumba ya Eli hakikuwa elimu. Mama aliyekuwa mbali alimpima mtoto wake kila mwaka, na baba aliyeishi na wanawe alisubiri kuambiwa na majirani.

Kumbukumbu la Torati 6:7 linataja nyakati nne za kuzungumza na watoto: mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo, na aondokapo. Hakuna hata mmoja ambao ni wakati wa kipindi darasani. Kengele ya asubuhi inapolia, saa hizo zimekwisha kupita. Inapolia ya jioni, zinaanza tena. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hana namna ya kuzifikia. Ni za mzazi peke yake, na asipozitumia hakuna wa kumkaimu.

Kwa hiyo mama wa maandazi hajaachwa bila la kufanya. Anaweza kusema, “Lete daftari,” na kulifungua. Hata asiyejua kusoma huona kama kurasa ni nyeupe au kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita. Anaweza kumwambia mtoto amsomee kwa sauti huku yeye anachambua mchele, kisha amweleze kilichosomwa. Anaweza kukataa kumbakiza binti yake nyumbani siku ya gulio ili alee mdogo wake. Anaweza kumsalimia mwalimu na kumshukuru kabla ya siku ya shida, ili siku ya shida wasikutane kama wageni. Mkutano wa wazazi unamgharimu mauzo ya asubuhi, na gharama hiyo ni ya kweli. Lakini Hana naye hakwenda Shilo kila siku. Alikwenda mara moja kwa mwaka, wala hakukosa.

Lipo pia kosa la upande wa pili. Mzazi mwingine hufika shuleni kwa ugomvi tu, humtetea mtoto kabla ya kusikia habari, au humfanyia kazi ya nyumbani ili apate vema zote. Hana alileta kanzu. Hakudai joho la Eli. Kumsaidia mwalimu ni jambo moja, kumnyang'anya kazi yake ni jingine, na mtoto anayefanyiwa kila kitu hujifunza kwamba vema hupatikana kwa mkono wa mwingine.

Swali gumu zaidi linabaki. Mzazi mwenye uwezo hulipia tuisheni ya mwanawe na kuona amemaliza. Lakini dawati moja linakaliwa na wanne, na mmoja wao analelewa na bibi asiyeweza kupanda mlima hadi shuleni. Gunia la mahindi linalochangwa kwa ajili ya uji huwalisha wote. Anayekubali kuingia katika kamati ya shule huwasemea hata wasio na wa kuwasemea. Kumpenda jirani kama nafsi yako hakuishii kwenye lango la shule, na mtoto wa jirani ndiye anayeketi bega kwa bega na wako.

Maswali ya Kujadili:

1. Eli alizungumza na wanawe, lakini hakuwazuia. Je, ni wakati gani maneno ya mzazi huwa njia ya kukwepa wajibu?

2. Kati ya zile nyakati nne za Kumbukumbu la Torati 6:7, ni upi umepotea zaidi katika nyumba za eneo lenu? Umechukuliwa na nini?

3. Darasa lenu la Shule ya Sabato lifanye nini kwa mtoto ambaye hana mtu wa kumfungulia daftari lake?